Kamera Angani na Dhamana Yake

Muradi wa mazungumzo ya jioni hii ni mali ndogo kwa umbo na kubwa kwa thamani, ambayo vijana wetu wa Bagamoyo, wa Kaole, wa Mbegani na wa pwani yote inayopanda kaskazini mpaka Saadani na Pangani wameifanya chombo chao cha riziki, nayo ni kamera. Na hasa hali ya kamera hiyo pale mwenyewe anapoondoka kwake, akapanda ndege, akaikabidhi kwa mikono ya watu asiowajua.

Tangu Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa hapa mwaka 1981, chuo ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, mji huu haukukoma kutoa watu wa ngoma, wa maigizo na wa uchoraji. Na penye ngoma na maigizo hapakosi mwenye kutaka kuyahifadhi kwa picha, kwa hiyo wapiga picha nao wameongezeka mwaka hata mwaka. Kijana aliyeanza kwa harusi za Magomeni na kwa watalii wanaozuru magofu ya Kaole huitwa siku hizi Unguja, Nairobi, Addis Ababa, hata Ulaya, aende akapige picha za tamasha, za mkutano au za filamu. Huenda akiwa na kamera mbili, lenzi tatu au nne, taa, maikrofoni na stendi, vitu ambavyo vikijumlishwa vyaweza kuzidi thamani ya kila kitu kingine anachomiliki duniani. Na aghalabu huenda akiwa na tiketi peke yake, akidhani kwamba aliyemwuzia tiketi amebeba dhima ya mali yote aliyosafiri nayo. Dhana hiyo si kweli, na imewatia watu wengi waaminifu katika hasara ambayo hawakuweza kuinuka nayo tena.

Bagamoyo si mgeni wa habari hii. Mwezi wa Oktoba mwaka 1860, msafara wa Speke na Grant, Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chimbuko la mto Nile, ulianza safari ya bara kutoka hapa, na katika mizigo yao ilikuwamo kamera. Grant alikuwa amekwisha piga picha Unguja, na nia ilikuwa kuipiga picha njia nzima. Lakini kamera ya zama zile ilikuwa na adha kubwa: kila kioo kilipakwa dawa gizani, kikatiwa kamerani kingali kibichi, kikaoshwa papo hapo kabla hakijakauka, na kazi yote hiyo ilifanyika ndani ya hema dogo lililofunikwa gubigubi ili nuru isipenye, katika jua hili tulijualo. Speke mwenyewe aliandika katika kitabu cha safari yake kwamba joto la hema lile lingemwua mwenzake upesi. Basi kabla msafara haujafika mbali aliamua kuirudisha kamera pwani kwa balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, na Grant akashika kalamu ya kuchorea. Nakitaja kisa hiki kwa sababu uamuzi ule ulikuwa na busara ambayo wasafiri wengi wa leo huikosa, ya kukitazama chombo na njia kwa pamoja, na kukiri kwamba si kila kifaa kilichofaa nyumbani kitafaa safarini.

Mzigo wa mpagazi wa Bagamoyo katika zama za Sewa Haji Paroo, tajiri wa mji huu aliyekuwa akiwakusanyia wageni wapagazi na bidhaa kwa mkataba mpaka alipofariki mwaka 1897, ulikadiriwa kufika frasila mbili, yaani ratili 70, ambazo kwa kilo ni karibu 32. Na leo ukienda katika kiwanja cha ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, utaambiwa kwamba sanduku moja, hata ukilipia uzito wa ziada, lisizidi kilo 32, kwa sababu ile ile kwamba uko mgongo wa binadamu utakaolinyanyua. Msikilizaji na aelewe basi kwamba sanduku alilolikabidhi kaunta halibebwi na ndege tu. Hubebwa na mikanda, na mikokoteni, na watu wenye haraka na wenye kuchoka, likawekwa juu ya mengine na mengine yakatupwa juu yake, na hayo yote hutokea mara mbili, mahali pa kuondokea na mahali pa kufikia, na mara nne au zaidi ikiwa njiani kuna kubadili ndege.

Sheria ya kimataifa nayo kwa muda mrefu iliihesabu mizigo kwa mizani. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 uliweka ukomo wa fidia ya mzigo uliokabidhiwa kuwa faranga za dhahabu 250 kwa kila kilo, kiasi ambacho baadaye kilikadiriwa kuwa kama dola 20 za Marekani. Ikawa lenzi ya kilo moja na viatu vya kilo moja ni sawa mbele ya hakimu. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003 na ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia, uliiacha mizani ukaweka ukomo kwa kila abiria. Ukomo huo hutajwa kwa fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ijulikanayo kwa kifupi SDR: ulikuwa 1,000 hapo mwanzo, ukawa 1,131 mwisho wa mwaka 2009, ukawa 1,288 mwisho wa mwaka 2019, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519. Kwa fedha tuizoeayo hizo ni dola elfu mbili na kidogo, au shilingi milioni tano na zaidi, kwa kadiri ya kupanda na kushuka kwa bei ya dola.

Naomba kiasi hicho kitazamwe vizuri. Si kwa kila sanduku, ni kwa abiria mmoja na mizigo yake yote. Tena si kiasi anachopewa kila mwenye kupoteza. Ni dari ambayo fidia haiwezi kuipita, na chini ya dari hiyo mwenye mali hulazimika kuthibitisha hasara yake kwa ushahidi. Mkataba huo huo unaikubalia kampuni ya ndege kujitetea kwamba mzigo uliharibika kwa kasoro yake wenyewe, au kwamba abiria alichangia hasara kwa uzembe wake, kama kufunga kifaa laini bila kukikinga. Na mfuko ulioingia nao ndani ya ndege, ukauweka juu ya kichwa chako, uko katika hukumu nyingine kabisa: kampuni huuwajibikia tu pale hasara inapotokana na kosa lake au la watumishi wake. Mwizi akiufungua wewe umelala, ni juu yako kwanza kuonyesha kosa la kampuni. Safari za ndani ya nchi, za Dar es Salaam na Mafia au Dar es Salaam na Tanga, hazimo katika mkataba huo wa kimataifa, ila zina sheria na masharti yake, ambayo abiria husomewa na hayasikilizi.

Yapo mambo mawili katika mkataba wa Montreal ambayo ni haki ya abiria, na hutajwa kwa nadra. Kwanza, abiria aweza, wakati wa kukabidhi mzigo, kutamka kwa hati thamani yake maalumu na kulipa ada ya ziada ikitakiwa, na hapo ukomo hupanda mpaka kiasi alichokitamka. Mashirika hayafanani katika jambo hili, na kaunta ya alfajiri yenye foleni ndefu si mahali pa kulianzisha, basi aliyedhamiria na aulize kwa maandishi siku kadhaa kabla. Pili, kampuni nyingi zimeandika katika masharti yao kwamba hazitawajibika kwa kamera, kompyuta na vito vilivyotiwa katika mzigo wa kukabidhi. Walakini kifungu cha 26 cha mkataba hubatilisha sharti lolote lenye kuiondolea kampuni dhima au kuushusha ukomo uliowekwa. Haki hiyo ipo, lakini kuidai ni safari nyingine ya barua na mawakili, na mwenye harusi ya kupiga picha Jumamosi ijayo hawezi kuingoja.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutokukabidhi kile usichoweza kukikosa. Kamera na lenzi zikae mkononi mwako. Mashirika mengi hukubali mfuko wa mkononi wa kilo 7, uzito unaojaa upesi kuliko mtu anavyodhani, na ndiyo maana wazoefu huuanza uteuzi wao nyumbani juu ya mizani ya dukani: kamera moja na lenzi mbili ambazo bila hizo kazi haifanyiki, kadi za kuhifadhia picha, na betri. Stendi, taa na nyaya zaweza kwenda chini, katika sanduku gumu lenye sponji iliyokatwa kufuata umbo la kila kifaa, lenzi zikiwa zimetolewa katika kamera na kufunikwa mbele na nyuma, kichwa cha stendi kimelegezwa, na nje ya sanduku pasiwepo jina la mtengenezaji wa kamera wala maandishi ya kumtangazia mpita njia kilichomo.

Juu ya betri hakuna hiari. Betri za akiba za lithiamu, yaani zile zisizokuwa ndani ya kifaa, haziruhusiwi hata kidogo katika mzigo wa kukabidhi, kwa sababu ikitokea moja ikashika moto katika tumbo la ndege hakuna mtu wa kuufikia, ilhali ndani ya chumba cha abiria wahudumu wanaweza kupambana nao. Zisizozidi wati-saa 100 hubebwa bila kibali. Zilizo kati ya 100 na 160, kama zile za kamera kubwa za filamu, hutaka ruhusa ya kampuni na hazizidi mbili kwa abiria. Zinazopita hapo hazipandi kabisa. Ncha zake zifunikwe kwa utepe au kila moja itiwe katika mfuko wake. Tena ikumbukwe kwamba ndege ikijaa, watumishi huja mlangoni kuchukua mifuko ya mkononi ili waipeleke chini, na katika rabsha ile mtu husahau kwamba betri zote zimo humo. Mwenye hadhari huziweka katika kijifuko kimoja anachoweza kukichomoa kwa mkono mmoja.

Nimesema sanduku gumu, na hapa pwani pana sharti la kuongeza. Ndege ndogo ziendazo Saadani, Mafia na viwanja vya hifadhi, ambazo nyingi ni Cessna za injini moja, huhesabu kilo 15 tu kwa abiria, na hutaka mifuko laini, kwa kuwa mizigo husukumwa katika kijisanduku kilicho chini ya tumbo la ndege ambamo sanduku gumu la mraba haliingii. Mpiga picha aliyetoka Ulaya na sanduku zuri lisilopenya maji, akatua Dar es Salaam, akataka kuendelea Saadani kupiga picha za hifadhi ile ambayo wanyama wake hushuka mpaka ufukoni, hujikuta analazimika kuliacha sanduku mjini. Dawa yake ni mfuko laini wenye kuta nene za ndani, ubebwe mapajani kama rubani ataruhusu. Na vumbi la kiwanja cha udongo lizuiwe kwa kuufunga mfuko kabla injini haijawashwa. Ambaye hakuyajua haya mapema hulaumu kampuni bure, maana masharti yalikuwa yameandikwa.

Hewa yetu pia ina madai yake. Kamera iliyokaa saa nyingi katika baridi ya ndege au ya gari lenye kiyoyozi, ikitolewa ghafla katika joto la Bagamoyo lililojaa unyevu wa bahari, hufanya umande ndani na nje ya lenzi, na umande ukirudiarudia huzaa kuvu, ambayo hutambaa juu ya kioo na kula dawa iliyopakwa juu yake. Ifungwe katika mfuko wa nailoni usiopitisha hewa kabla ya kutoka, na isifunguliwe mpaka ipate joto la mahali. Nalitaja jambo hili mahali hapa makusudi, kwa kuwa kuvu, kutu na uchakavu ni katika mambo ambayo hati za bima huyakataa waziwazi. Hasara ijayo polepole haina fidia, na kinga yake ni mkono wa mwenyewe.

Wale wachache ambao wamerudia kupiga kwa filamu, na naona fahari kwamba wapo, wajue kwamba mashine zinazokagua mizigo ya kukabidhi zina mionzi mikali iwezayo kuitia filamu ukungu, na mashine mpya za kukagulia mifuko ya mkononi, zile zitoazo taswira ya pande zote, nazo si salama kwake. Filamu iwekwe mbali na vingine, na mkaguzi aombwe kwa adabu aitazame kwa macho.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna kampuni ya bima duniani iwezayo kukirudisha, nacho ni picha zenyewe. Fidia hununua kamera nyingine. Hainunui tena uso wa bibi harusi wala ngoma iliyochezwa usiku ule. Kwa hiyo kadi zenye kazi iliyokwisha kupigwa zisisafiri katika mfuko mmoja na kamera, na kabla ya kupanda ndege pawepo nakala mbili mahali pawili, moja mwilini mwa msafiri na nyingine kwa mtu mwingine au katika hifadhi ya intaneti. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, aliyeianzisha kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia, alifariki tarehe 23 Novemba 1996 katika ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Kazi ya maisha yake haikuzama naye, kwa sababu ilikuwa imehifadhiwa mbali naye. Na kwa kuwa nimetaja ajali, niseme wazi kwa moyo wangu wote: wahudumu wa ndege wakiamuru watu watoke, toka uiache kamera. Mfuko mmoja uliokwama katika njia nyembamba waweza kuwa sababu ya kufa kwa mtu aliye nyuma yako, na hapana bima ya kuilipa roho hiyo.

Sasa tuingie katika bima yenyewe, ambayo kwa nchi yetu husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mtu aingiapo kwa wakala na kusema kwa ujumla kwamba anataka bima ya kamera, aweza kupewa kitu asichokitaka. Bima ya safari, ile anayonunua msafiri kwa ajili ya matibabu na kuchelewa kwa ndege, hugusa mizigo kwa kiasi kidogo, huweka ukomo kwa kila kifaa kimoja, na aghalabu huvitoa kabisa vifaa vya kazi. Bima ya nyumba huishia mlangoni, tena hukwepa mali inayotumika kibiashara. Anachokihitaji mpiga picha anayelipwa ni bima ya hatari zote, yenye orodha ya vifaa vyake kimoja kimoja, inayotaja kwamba ni vya biashara, na inayoeleza mipaka ya nchi: Tanzania peke yake, au Afrika Mashariki, au dunia nzima. Hati isiyotaja Kenya haimlindi mtu akiwa Mombasa, hata kama alilipa ada bila ya kukosa miaka yote.

Kisha aulize maswali ambayo huonekana madogo. Je, atalipwa bei ya kifaa kipya au bei ya kifaa kilichochakaa? Kiasi gani cha kila hasara atakibeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa? Je, wizi kutoka katika gari lisilo na mtu unalipwa? Swali hili la mwisho ni la maana kwetu kuliko lolote, kwa sababu safari ya ndege ya mtu wa Bagamoyo haianzi angani. Huanza barabarani, kilomita 70 hivi, kupita Mapinga, Bunju, Tegeta na Mwenge, na ndani yake yamo mapumziko ya chai, vituo vya mafuta, na foleni. Hati nyingi hukataa kifaa kilichoachwa garini hata kwa dakika chache, au hutaka pawe na alama za kuvunjwa.

Na bei anayoitaja iwe ya kweli. Wako wanaopunguza thamani ili ada iwe nafuu, na hesabu yao huwageukia. Tuseme vifaa vyote vina thamani ya shilingi 12,000,000, na mwenyewe akaviandikisha kwa 6,000,000. Lenzi ya 3,000,000 ikavunjika. Yeye hudhani atapata zote tatu, kwa kuwa ziko ndani ya sita. Lakini kampuni husema kwamba alikata bima ya nusu ya mali, basi nusu ya hasara ni yake, na kumlipa 1,500,000, tena kabla ya kutoa kile kiasi cha kubebwa na mwenyewe. Hakudhulumiwa, ndilo sharti alilolitia sahihi. Bima husimama juu ya ukweli mtupu baina ya pande mbili, na anayeficha jambo, liwe la thamani, la hasara zilizopita au la matumizi, huipa kampuni sababu ya kuivunja hati siku ile anapoihitaji.

Ushahidi nao una taabu zake mahususi kwetu. Kamera nyingi zimenunuliwa Kariakoo zikiwa zimekwisha tumika, au zimeletwa na ndugu kutoka Dubai, au zimetoka kwa mpiga picha mwingine kwa makubaliano ya mdomo. Aliyenunua dukani na adai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki, na aitie katika faili. Aliyenunua kwa mtu na aandike hati ya mauziano, yenye namba ya kifaa, mashahidi, na muhuri wa serikali ya mtaa. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na daftari la mpiga picha ni orodha ya kila kifaa, jina lake, namba yake ya kiwandani, tarehe na bei ya kununuliwa, na picha yake, nakala ikiwa nyumbani na nyingine katika barua pepe yake. Daftari hilo hilo humsaidia wakati wa kurudi kutoka ng'ambo, afisa wa forodha anapouliza kama vifaa ni vipya vilivyonunuliwa huko.

Liko jambo la kuazimana. Hapa Bagamoyo si aibu wala si ajabu mtu kuondoka na lenzi ya mwenzake. Ni udugu, na udugu huo umejenga kazi nyingi. Walakini bima humlinda mwenye maslahi katika mali, na hati iliyoandikwa kwa jina la mmoja huenda isimfae wa pili akiwa nayo Nairobi. Kilichoazimwa ni amana, na mwenye kukichukua anapaswa kukubaliana na mwenyewe, kabla ya safari na kwa maandishi mafupi, ni nani atalipa kikivunjika, na kumwuliza mwenye bima kama hati yake inakubali kifaa kutumiwa na mwingine. Urafiki mwingi umekufa kwa kutoandikwa mistari mitatu.

Hasara ikitokea, saa zina thamani. Usitoke katika ukumbi wa mizigo kabla ya kwenda kaunta ya kampuni ya ndege, kujaza fomu ya taarifa ya mzigo na kupewa nakala. Piga picha ya sanduku lilivyo, hata kwa simu, na lebo yake usiing'oe. Kwa safari za kimataifa mkataba wa Montreal hutaka malalamiko ya uharibifu yafike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea mzigo, na ya kuchelewa ndani ya siku 21 tangu mwenyewe alipokabidhiwa mzigo wake. Na mzigo usiofika kabisa ukipita siku 21 huweza kudaiwa kama uliopotea. Mlango wa mahakama hufungwa baada ya miaka miwili. Ikiwa ni wizi, nenda polisi upate namba ya RB, yaani ya daftari lao la taarifa, kwa kuwa kampuni ya bima itaidai kabla ya kufungua faili. Wakala wako apate habari mara moja, kwani hati nyingi zina muda wao, mfupi kuliko huo. Na kampuni ya bima ikikataa madai kwa sababu usiyoiridhia, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria kusikiliza malalamiko ya mtu asiye na nguvu ya kwenda mahakamani. Ofisi hiyo ni ya umma, na sioni kwa nini watu wetu waione kama si yao.

Najua kwamba kijana anayelipwa kwa kazi moja moja, leo harusi, kesho kutwa hakuna, ataona ada ya mwaka ni mlima, na simlaumu. Kwa ajili yake natoa rai kwa wapiga picha wa Bagamoyo, wale wa taasisi ya sanaa na wale wa mitaani, wa Dunda, Magomeni na Kaole: ungeni kikundi, mwende kwa dalali wa bima kwa pamoja, mwombe hati moja ya kundi yenye orodha ya vifaa vya kila mmoja, maana mteja wa vifaa hamsini husikilizwa tofauti na mteja wa kifaa kimoja. Ambao dhamiri zao zina shaka na bima ya kawaida waulize habari ya takaful, ambayo sasa imeruhusiwa katika nchi yetu. Na kabla ya kulipa shilingi yoyote, hakikisheni katika mfumo wa TIRA kwamba anayewaandikia ana leseni na kwamba hati aliyowapa imesajiliwa. Wakati mzuri wa kukutana ni miezi kadhaa kabla ya msimu wa matamasha. Na kila mtu aje na daftari lake na risiti zake, kwani dalali hawezi kutaja ada kabla hajaona orodha.